Mfaransa wa Jukwaani na Mfaransa wa Kiwandani: Uhakiki wa Matamasha ya Ziwa Champlain

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekwisha kukubaliana kwamba utendaji ni matini. Utendaji una mtunzi hata pale asipotajwa. Una fanani na hadhira, una maleba na mandhari, na zaidi ya hayo una mambo ulioamua kuyasema na mengine ulioamua kuyanyamazia. Hata hivyo, tamasha la kiraia, yaani sherehe inayoandaliwa na mji, jimbo au serikali kwa ajili ya kuadhimisha tukio la kihistoria, ni nadra kusomwa kwa jicho hilo. Huachiwa mwanahistoria ahakikishe tarehe, na mtu wa utalii ahesabu wageni. Makala haya yananuia kulisoma tamasha la namna hiyo kama mhakiki anavyoisoma tamthilia: kwa kuuliza nani amepewa usemi, kwa lugha gani, mbele ya nani, na nani ameachwa nyuma ya pazia.

Mfano unaochunguzwa ni matamasha ya Ziwa Champlain. Ziwa hili lina urefu wa takriban kilomita 190. Linatenganisha majimbo ya Vermont na New York nchini Marekani, na ncha yake ya kaskazini inaingia katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Maji yake hutiririka kuelekea kaskazini, kupitia Mto Richelieu, hadi Mto St Lawrence. Kwa sababu hiyo ziwa lilikuwa njia kuu ya biashara na ya vita kwa karne nyingi kabla ya kuwapo barabara. Waabenaki, ambao ni wenyeji wa upande wa mashariki, huliita Bitawbagok, maana yake ziwa lililo kati. Jina lililo katika ramani ni la Samuel de Champlain, Mfaransa aliyelifikia mwezi Julai 1609 na kulipa jina lake mwenyewe.

Tangu hapo safari hiyo imeadhimishwa mara mbili kwa fahari kubwa, mwaka 1909 na mwaka 2009. Baina ya maadhimisho hayo makubwa, na baada yake, kumekuwa na sherehe ndogo ndogo. Katika magofu na ngome za Crown Point na Ticonderoga watu hukusanyika wakiwa wamevaa sare za askari wa karne ya 18 na kuigiza vita vya Wafaransa na Waingereza. Mji mdogo wa Vergennes nao umewahi kuwa na siku yake ya urithi wa Kifaransa. Matamasha haya yote hudai kusherehekea mambo mawili kwa pamoja, yaani urithi wa ziwa na utamaduni wa Kifaransa. Swali linaloongoza makala haya ni fupi: ni utamaduni wa Mfaransa yupi? Inadaiwa hapa kwamba, kwa sehemu kubwa, matamasha ya Ziwa Champlain yamemsherehekea Mfaransa aliyeondoka na kumnyamazia Mfaransa aliyebaki, na kwamba ukimya huo ni sehemu ya matini yenyewe, wala si kasoro ya maandalizi.

Msingi wa Kinadharia

Kazi mbili zinafaa kuwekwa mbele ya mjadala huu. Ya kwanza ni mkusanyiko uliohaririwa na Eric Hobsbawm na Terence Ranger (1983) kuhusu mila zilizobuniwa. Wahariri hao walionyesha kwamba sherehe nyingi zinazodaiwa kuwa za kale ziliundwa juzi, na kwamba ziliundwa ili kuupa utawala wa leo sura ya ukongwe. Ranger si mgeni katika taaluma za Afrika Mashariki. Mwaka 1975 alichapisha utafiti wake kuhusu ngoma ya Beni, ambamo vijana wa pwani na wa bara walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi na kushindana kwa bendi na gwaride. Kilichojitokeza katika utafiti huo ni kwamba maleba ya kuazima si mzaha mtupu. Anayevaa sare ya mwingine anasema jambo kuhusu nafasi yake mwenyewe katika jamii. Funzo hilo litahitajika hapa chini, ingawa kwa upande wa pili wake: kando ya Ziwa Champlain sare ya mwingine huvaliwa zaidi na wenye nafasi kuliko wasio nayo.

Kazi ya pili ni ile ya Mikhail Bakhtin kuhusu Rabelais na kanivali. Bakhtin alitofautisha sikukuu rasmi na kanivali ya watu. Sikukuu rasmi huitazama jana ili kuithibitisha leo, na kila mtu huketi mahali pa cheo chake. Katika kanivali, mpaka kati ya watendaji na watazamaji hufutika. Tofauti hii haipaswi kuchukuliwa kama kanuni isiyovunjika, maana sikukuu rasmi inaweza kuwa na pembe za furaha isiyotawaliwa na mtu. Lakini inampa mhakiki kipimo cha kuanzia.

Matini Mama: Kitabu cha 1613

Nyuma ya kila tamasha la Ziwa Champlain kuna kitabu kimoja. Mwaka 1613 Champlain alichapisha mjini Paris masimulizi ya safari zake, na humo akaeleza pambano la mwisho wa Julai 1609 kati ya wenzake na kundi la Wairoquois, ambao wanahistoria wengi wanakubali kuwa walikuwa Wamohawk. Anasimulia kwamba alikwenda na wapiganaji 60 wa makabila marafiki, ndani ya mitumbwi 24, na kwamba Wafaransa walikuwa watatu tu pamoja naye. Adui walikuwa wapatao 200. Asubuhi ya vita alitokeza mbele akiwa na gobore alilolijaza risasi nne, akafyatua, na machifu wawili wakafa papo hapo.

Mhakiki akiyasoma masimulizi hayo kwa makini ataona jambo ambalo matamasha yamelisahau. Katika maandishi yake mwenyewe, Champlain hakufika ziwani kama mgunduzi aliyejitegemea. Alikuwa mgeni aliyechukuliwa na wenyeji wake, Wamontagnais, Waalgonquin na Wahuron, kwenda katika vita vyao. Njia waliijua wao, mitumbwi ilikuwa yao, na adui alikuwa wao. Yeye alilipa kwa gobore gharama ya urafiki wa kibiashara. Msimulizi huyu, licha ya kiburi cha zama zake, ni mkweli kuliko wengi waliokuja kumsherehekea.

Kitabu hicho kina pia mchoro wa vita. Champlain amesimama katikati peke yake, kati ya majeshi mawili ya watu walio uchi, moshi ukitoka katika silaha yake. Nyuma ya wapiganaji kuna minazi. Mtu aliyelelewa Lamu au Malindi ataitambua miti ya jamii hiyo mara moja, kisha atashangaa imefikaje katika nchi ambayo ziwa lake huganda barafu wakati wa kipupwe. Mna hata machela za kulalia zilizofungwa mitini, kama zile za nchi za joto za Amerika. Vitabu vya safari vya enzi hiyo viliazimana picha. Amerika yote ilichorwa kama nchi moja, na mwenyeji yeyote akatosha kuwa badala ya mwingine.

Mchoro huo una umuhimu mkubwa kwa hoja hii. Ndio onyesho la kwanza la Ziwa Champlain kwa ajili ya hadhira ya mbali, na tayari una sifa mbili zitakazorudi katika matamasha. Kwanza, unamtenga shujaa mmoja kutoka kwa wale waliomfikisha pale. Pili, unaweka mandhari ambayo hadhira inatazamia kuiona mahali pa mandhari iliyopo. Mnazi wa 1613 haukuota kamwe kando ya ziwa, lakini umeendelea kupandwa.

1909: Walioigiza Kushindwa Kwao

Maadhimisho ya miaka 300 yalifanyika tarehe 4 hadi 10 Julai 1909 katika miji ya pande zote mbili za ziwa. Rais William Howard Taft alihudhuria. Ufaransa iliwakilishwa na balozi wake, Jules Jusserand, na Uingereza na balozi wake, James Bryce. Jukwaani, basi, walikaa pamoja wawakilishi wa mataifa matatu yaliyokuwa yamepigania ziwa hilo kwa zaidi ya karne moja. Maana ya mpangilio huo ni wazi kwa msomaji yeyote wa tamthilia: vita vimekwisha, warithi wamepatana, na ziwa limekuwa mali isiyo na mgogoro. Neno lililotawala, hata katika ripoti rasmi, lilikuwa "ugunduzi".

Katika sherehe hizo kulikuwa na mchezo wa kuigiza ulioandaliwa na L. O. Armstrong, Mkanada aliyehusika na kampuni ya reli ya Canadian Pacific. Ulichezwa juu ya jukwaa linaloelea majini, na waigizaji wake walikuwa Wenyeji wa Amerika. Mchezo uliitwa kwa jina la Hiawatha, na kilele chake kilikuwa vita vya 1609. Hapa zimepandana tabaka kadhaa za kuazimana. Jina Hiawatha ni la kiongozi anayeheshimiwa katika mapokeo ya Wairoquois. Mshairi wa Marekani Henry Wadsworth Longfellow alilichukua mwaka 1855 na kumpa shujaa wa utenzi wake, ambao visa vyake vingi vilitokana na masimulizi ya Waojibwe, taifa jingine kabisa. Sasa jina hilo likarudishwa kwa Wamohawk likiwa limepitia mikononi mwa mshairi wa Boston, ili lifungue mchezo ambao ndani yake Mmohawk anapigwa risasi na Mfaransa mbele ya Rais wa Marekani. Ni mnazi wa 1613 umeota tena.

Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kuwahukumu waigizaji kuwa walitumiwa. Uhakiki huo ungekuwa mwepesi mno. Mwaka 1909 shule za serikali na za kanisa, Marekani na Kanada, zilikuwa zikiwaadhibu watoto wa Wenyeji kwa kusema lugha za mama zao. Katika hali hiyo, mchezo wa Armstrong ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo kucheza ngoma na kuvaa mavazi ya asili kulilipiwa mshahara badala ya kuadhibiwa. Mwigizaji aliyeanguka jukwaani kila siku aliinuka tena kila siku mbele ya umati ulioambiwa kwamba watu wake wamekwisha. Matini rasmi ilisema kushindwa. Mwili wa mwigizaji ulisema kuwapo. Mgongano huo kati ya yaliyoandikwa na yanayotendwa ndio unaofanya utendaji usomwe tofauti na kitabu.

Mwaka 1912 mnara wa taa wa Crown Point uligeuzwa kuwa kumbukumbu ya Champlain. Ufaransa ikatoa zawadi ya sanamu ya shaba ya kichwa cha mwanamke, kazi ya Auguste Rodin, iitwayo La France. Sanamu hiyo imewekwa katika mnara huo, ukielekea ziwa, jirani na magofu ya Ngome ya St. Frédéric ambayo Wafaransa walianza kuijenga kwa mawe mwaka 1734. Ufaransa unaoadhimishwa hapo ni dhana: ni mwanamke wa shaba asiye na jina wala ajira, aliyetumwa kutoka Ufaransa kama zawadi.

Mfaransa wa Kiwandani

Wakati huo huo, Wafaransa wa nyama na damu walikuwa wakiishi umbali usio mkubwa kutoka hapo. Kati ya miaka ya 1840 na 1930 watu wapatao 900,000 waliondoka Quebec kwenda Marekani, wengi wao wakifuata kazi katika viwanda vya nguo. Baadhi walishukia Burlington na Winooski, miji miwili ya Vermont iliyo karibu na ziwa. Mwaka 1850 Wakanada-Wafaransa wa Burlington walikuwa tayari na parokia yao, St. Joseph, ambamo waliabudu na kuzikwa kwa lugha yao. Huko Winooski walifanya kazi katika viwanda vya sufu hadi vilipofungwa mwaka 1954. Kifaransa chao kilikuwa cha mashambani na cha mashine, si cha mabalozi.

Jinsi watu hao walivyotazamwa katika jimbo lililotoka tu kumsherehekea Champlain ni jambo ambalo programu za matamasha hazikulitaja kwa muda mrefu. Mwaka 1925 Henry F. Perkins, profesa wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Vermont kilichoko Burlington, alianzisha uchunguzi wa yujenia, yaani ile elimu bandia iliyodai kwamba umaskini na ulemavu hurithiwa katika damu na kwamba yafaa baadhi ya watu wasizae. Miongoni mwa waliochunguzwa na kunyoshewa kidole walikuwamo maskini, walemavu, familia zenye asili ya Kiabenaki na Wakanada-Wafaransa. Mwaka 1931 jimbo lilipitisha sheria ya kuwahasi watu. Uchunguzi ulikwisha mwaka 1936. Mwaka uliofuata Elin Anderson, aliyekuwa amefanya kazi chini ya mradi huo, alichapisha kitabu kuhusu Burlington kilichoonyesha jinsi wakazi wake walivyotengana kwa asili, kwa dini na kwa tabaka. Inastahili kukumbukwa kwamba kutoka hotuba za 1909 hadi uchunguzi wa 1925 ni miaka 16 tu. Mji ule ule uliompigia makofi balozi wa Ufaransa ulikuwa ukiandika majina ya watu wenye majina ya Kifaransa katika majalada ya aibu. Bunge la Vermont liliomba radhi rasmi kwa mambo hayo mwaka 2021.

Hakuna ukinzani wowote hapa, na ndiyo maana jambo hili linahitaji kuhakikiwa. Mfaransa wa jukwaani na Mfaransa wa kiwandani hawakuchukuliwa kuwa mtu mmoja. Wa kwanza alikuwa mwenye upanga, ramani na kofia ya manyoya. Alikuwa amekwisha ondoka, hivyo hakuweza kudai mshahara wala shule. Hata jina la mji wa Vergennes, uliopewa hadhi ya mji mwaka 1788, linatokana na waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, aliyeisaidia Marekani katika vita vya uhuru. Hakuwahi kukanyaga pale. Tamasha linapochagua mavazi, huchagua pia tabaka. Haikosi kuwa na maana kwamba katika sherehe hizi ni rahisi kumwona askari wa Mfalme Louis wa 15 kuliko kumwona mwanamke wa Winooski aliyetunza mashine ya kusokota nyuzi. Beni ya Afrika Mashariki iliwawezesha wanyonge kuvaa sare za wenye nguvu na kuzifanya zao. Sare za Ziwa Champlain, kinyume chake, humwezesha mzawa wa mji kuvaa Ufaransa kwa siku mbili bila kulazimika kukutana na Mfaransa wa mtaa wa pili.

Tarehe Mbili

Kalenda ya tamasha nayo ni matini. Sherehe kubwa za ziwa huangukia Julai, mwezi wa safari ya Champlain, na mwezi huo huleta pia tarehe 14, sikukuu ya taifa la Ufaransa inayokumbuka kuvamiwa kwa gereza la Bastille mwaka 1789. Mratibu wa utamaduni wa Kifaransa huivutia tarehe hiyo kwa urahisi. Lakini kwa historia ya watu wanaohusika, tarehe 14 Julai ni ya wengine. Mkataba wa Paris wa 1763 uliwakabidhi Wafaransa wa Kanada kwa mfalme wa Uingereza, miaka 26 kabla ya Mapinduzi. Mapinduzi hayakuwa yao; zaidi ya hayo, kanisa lililowalea lilihubiri dhidi yake.

Siku yao ni tarehe 24 Juni, sikukuu ya Yohana Mbatizaji. Na sikukuu hii, tofauti na ile ya Julai, ina uhusiano wa kweli na ziwa. Aliyeifanya kuwa siku ya taifa la Wakanada-Wafaransa, kwa karamu aliyoiandaa Montreal mwaka 1834, ni Ludger Duvernay, mchapishaji na mwanasiasa. Uasi dhidi ya utawala wa Kiingereza uliposhindwa mwaka 1837, Duvernay alikimbilia Vermont, na mwaka 1839 akachapisha mjini Burlington gazeti la Kifaransa lililoitwa Le Patriote canadien. Mtu akitafuta Kifaransa kilichoandikwa, kikapigwa chapa na kuhatarishiwa maisha kando ya Ziwa Champlain, hicho hapo. Ni Kifaransa cha mkimbizi. Hakifai kuigizwa kwa mizinga, na pengine ndiyo sababu Duvernay hana nafasi kama ya Champlain katika kumbukumbu ya hadhara.

Mkesha wa Jikoni

Kama Mfaransa wa kiwandani hakupewa jukwaa la serikali, alikuwa na jukwaa lake. Lilikuwa jikoni. Kwa Kifaransa cha Quebec huitwa veillée, yaani mkesha: ndugu na majirani hukusanyika jioni, meza husogezwa ukutani, fidla hutolewa, na mpigaji huketi akipiga mdundo sakafuni kwa miguu yake miwili. Vijiko vya chakula hugeuzwa ala. Nyimbo nyingi ni za kupokezana: kiongozi hutoa mstari, waliopo huurudia, naye huongeza mwingine. Mtafiti wa nyimbo za kazi au za jando hatahitaji kuelezwa muundo huo. Hauna hadhira tupu. Asiyejua maneno mwanzoni mwa wimbo huyajua mwishoni, kwa kuwa ameyatamka.

Mmoja wa waliokuza sanaa hiyo ni Louis Beaudoin (1921–1980), mpiga fidla aliyezaliwa Lowell, Massachusetts, katika familia ya Wakanada-Wafaransa, na kuishi Burlington. Aliwalea binti zake katika muziki huo, na familia ikarekodi santuri zilizoufikisha mkesha wa jikoni kwa watu wasiowahi kualikwa. Kwa hiyo sanaa hiyo haikubaki sirini. Ilipata wasikilizaji, ikapanda majukwaa. Lakini kupanda jukwaa kuna gharama yake. Wimbo wa kupokezana unapoimbwa mbele ya watu walioketi wasiokijua Kifaransa, upokezi hufa na kubaki makofi. Waitikiaji wamegeuka watazamaji.

Hapa ndipo suala la lugha linapoonekana kuwa kiini cha jambo zima. Matamasha ya utamaduni wa Kifaransa katika upande wa Marekani huendeshwa kwa Kiingereza kwa kiasi kikubwa. Kifaransa hubaki katika majina ya vyakula, katika mabango na katika nyimbo. Wajukuu wa wafanyakazi wa Winooski wamekuwa wakihudhuria sherehe ya lugha ambayo bibi zao waliambiwa waiache ili watoto wafanikiwe. Baadhi yao wamepoteza hata matamshi ya majina yao wenyewe. Tamasha linalosherehekea utamaduni bila kuuliza lugha yake imekwenda wapi hufanana na tanzia inayosomwa mbele ya mgonjwa ambaye bado anapumua.

2009: Kusahihisha Matini

Maadhimisho ya miaka 400 hayakuwa nakala ya yale ya 1909, na haki inadai hilo lisemwe. Tamasha la Burlington la Julai 2009 liliweka wanamuziki wa Quebec na wa Marekani pamoja, na Waabenaki walipata nafasi ya kusema kwa niaba yao. Neno "ugunduzi" lilianza kutamkwa kwa uangalifu. Jumba la makumbusho ya usafiri wa majini lililoko karibu na Vergennes limekuwa likiwakaribisha Waabenaki kuendesha tamasha la urithi wao wenyewe, ambamo wao ndio fanani na ndio wasimulizi. Mwaka 2011 na 2012 jimbo la Vermont lilitambua rasmi makundi manne ya Waabenaki.

Hata hivyo, kusahihisha matini si kumaliza mjadala. Waabenaki wa Odanak na Wôlinak, ambao jamii zao ziko Quebec, wamepinga hadharani madai ya ukoo ya makundi hayo manne, nayo makundi yamejitetea kwa historia ya familia zilizojificha ili zisalimike. Si kazi ya uhakiki kuamua kesi hiyo ya nasaba. Kazi yake ni kuona kwamba swali la 1909 limerudi katika sura mpya. Zamani liliulizwa nani atamwigiza Mwenyeji. Sasa linaulizwa nani ndiye Mwenyeji, na tamasha, kwa kumwalika mmoja na kumwacha mwingine, linatoa jibu hata pale waandaaji wake wanapodhani wanatoa burudani tu.

Inaweza kujibiwa kwamba tamasha ni furaha, na kwamba kulitwisha mzigo wa haki ni kuliharibu. Hoja hiyo ina uzito. Watu hawaendi ziwani Julai kutubu, na mtoto anayesikia fidla kwa mara ya kwanza chini ya hema amepata kitu ambacho makala hayawezi kumpa. Lakini furaha nayo ina mwandishi. Ile ya jikoni ilitungwa na waliokuwamo. Ile ya 1909 ilitungwa kwa ajili yao waitazame. Tofauti hiyo haihusu huzuni na furaha, bali inahusu nani anashika wimbo.

Hitimisho

Uchunguzi huu umejaribu kuonyesha kwamba matamasha ya Ziwa Champlain yana historia ya kimatini inayoanzia katika kitabu cha 1613, na kwamba tabia ya mchoro wa kitabu hicho, ya kumtenga shujaa na kuazima mandhari, imejirudia katika maigizo, sanamu na sare. Mfaransa aliyesherehekewa alikuwa yule wa gobore na ngome. Yule wa mashine ya sufu, wa gazeti la uhamishoni na wa mkesha wa jikoni aliachiwa ukimya, na kwa wakati fulani aliachiwa jambo baya kuliko ukimya.

Kwa mtafiti wa fasihi, funzo ni la kimbinu. Programu ya tamasha, orodha ya wageni wa heshima, tarehe iliyoteuliwa, lugha ya tangazo na kitambaa cha maleba vyote vinasomeka, na vinastahili kusomwa kwa ukali ule ule unaotumiwa kwa riwaya. Kipimo cha tamasha la urithi hakiwezi kuwa wingi wa bendera wala usahihi wa vifungo vya sare. Kipimo ni kama mtu ambaye urithi huo ni wake anaweza kufika pale na kuitikia, kwa lugha yake, mstari uliotolewa. Kando ya Ziwa Champlain wapo wachache ambao bado wanaweza. Matamasha yajayo yatahukumiwa kwa yale yatakayowafanyia hao kabla sauti ya mwisho haijanyamaza.